Usiseme Umemuona

Mama mwenye nyumba wangu alikuwa amemshika mwendesha bodaboda usoni kwa mikono yake miwili.

"Vua hilo helmeti, baba. Vua nikuone vizuri."

Kijana akavua, huku anacheka. Alidhani ni utani. Alipoona yule mama hacheki, naye akaacha.

"Mama, mie naitwa Fransis. Kwetu Kigoma."

"Geuka upande."

Akageuka. Angefanyaje? Mtu mzima, umri wa mama yako, amesimama juani na baibui lake, anakuangalia sikio moja, halafu la pili...

Mimi nilikuwa ng'ambo ya Barabara ya Pugu, karibu na muuza miwa, sijathubutu kuvuka.

Akamwachia Fransis, akaenda kwa kijana wa pili. Mkononi alikuwa na simu, kioo kimegeuzwa kwa watu, na kwenye kioo kuna picha ya kijana.

"Mmemuona huyu? Nimeambiwa yuko hapahapa Gongo la Mboto, kijiweni kwenu. Mie ndiye mama yake. Mie Mama Suhaib."

Jina hilo alikuwa ameshaliacha.

Ndugu msomaji, Suhaib alishafariki miaka mingi. Mama yake alishamsomea hitma, alishapewa pole, na baada ya kuhangaika sana alishakubali. Aliyemfufua Suhaib na kumleta Gongo la Mboto ni mimi. Nilimleta kwa simu hiihii ninayokuandikia.

Kaa vizuri nikusimulie. Na tafadhali, usinionee huruma mapema.

Naitwa Vaileth. Kwetu ni Njombe, hapa mjini napanga Chamazi, ukishaupita uwanja wa mpira. Mchana niko steshenari, natoa kopi na kupiga watu picha za paspoti. Jioni naandika simulizi, na wengi wenu mmenijulia huko.

Msichokijua ni jinsi ninavyoandika.

Mimi maisha yangu hayana visa. Natoka steshenari, napika, nalala. Sijawahi kuachwa kanisani, sijawahi kufumania mtu. Sasa mtu kama mimi atatoa wapi simulizi za kuwaliza?

Kwenye picha.

Ninayo programu ya akili mnemba kwenye simu. Naiambia, "nitengenezee mwanamke amesimama mlangoni kwa watu, mvua inanyesha, mkononi ana sufuria." Picha inakuja. Naikodolea macho. Hilo sufuria, analirudisha au anakuja kuomba? Na mbona kavaa viatu vya kiume? Kabla sijapata jibu, simulizi imeshaanza yenyewe.

Picha kwanza, maneno baadaye. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Wakati mwingine mashine inakosea, na makosa yake ndiyo matamu. Mnamkumbuka yule bwana harusi mwenye vidole sita, aliyetambuliwa na baba yake aliyemkataa? Mlilia mpaka mkanitumia sauti inboksi. Basi kile kidole niliwekewa na mashine kwa bahati mbaya. Nilishindwa kukifuta, nikakitungia maneno.

Mlilia kwa kosa la mashine, na mimi nikacheka peke yangu jikoni. Siku ile sikuona ubaya wowote.

Sasa tuje kwa mwenye nyumba.

Jina lake Bi Hamisa, Mzaramo, mtu wa Dar tangu babu zake. Mtaani tunamwita Mama Raudha, kwa jina la binti yake aliyeolewa Gongo la Mboto. Ukiwa mgeni huoni kitu hapo. Lakini Raudha ni mtoto wa pili, na mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza.

Wa kwanza ni Suhaib.

Suhaib alizamia meli kwenda Sauzi akiwa kijana mdogo, enzi zile za simu za tochi. Baadaye mwenzake akapiga simu kutoka Durban. Suhaib ameugua, Suhaib amefariki, wamemzika hukohuko.

Wakamswalia bila mwili. Wakasoma hitma bila kaburi.

Bi Hamisa alikataa. Kwa muda mrefu mlango wa uani kwake haukupigwa komeo, kwa sababu Suhaib akichelewaga kurudi alikuwa anapitia huko. Watu wakasema, wakachoka. Halafu asubuhi moja akapiga komeo mwenyewe, akatoka barazani, akawaambia majirani, "Kuanzia leo mniite Mama Raudha."

Haya yote alinihadithia Zubeda, msusi wa jirani. Yaani nilikuwa nayajua. Msije mkanitetea kwamba nilikuwa sijui.

Jumapili moja nimetoka kanisani, nimekaa barazani na simu yangu. Bi Hamisa yuko pembeni anasuka ukili wa mkeka. Akachungulia.

"Huyo nani?"

"Hayupo, Mama Raudha. Mtu wa kutunga."

"Hayupo, na ana kope?"

Nikacheka. Nikamweleza jinsi inavyofanya kazi.

"Unaiambia tu, inakuchorea?"

"Naiambia tu, mama."

Ukili ukasimama mikononi mwake.

"Hata mtu ambaye hana picha?"

Nikajua anamsema nani. Picha za Suhaib zote zilikwenda na mafuriko walipokuwa wanakaa Mtoni, kabla hawajahamia hapa na Suhaib. Maji yaliingia mpaka dirishani, na ile bahasha ya picha walikuja kuikuta imekuwa uji.

"Tunaweza kujaribu, mama."

Ya kwanza ilikuja na kijana mweupe, ndevu zimechongwa.

"Huyu muuza manukato," akasema Bi Hamisa.

Nikapunguza ndevu, nikaongeza weusi. Akaja mwingine, mashavu yamejaa.

"Huyu kashiba. Mwanangu hakuwahi kushiba namna hii."

Akaja wa tatu, anatabasamu.

"Meno gani haya? Anatangaza dawa ya meno?"

Tukacheka mpaka Zubeda akatoa kichwa dirishani kwake kuuliza kuna nini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuona yule mama anacheka huku anamtaja mwanawe.

"Haya niambie, mama. Macho yake yakoje?"

Hapo akauangalia ukili wake muda mrefu, kama vile macho ya mwanawe yamesukiwa humo.

"Ya kawaida tu. Weka makubwa kidogo."

"Pua je?"

"Pua ya kwetu."

"Paji la uso?"

"Vai, we weka tu."

Nikaweka. Picha ikaja: kijana mweusi mwembamba, shati la mikono mifupi, anaangalia mbele kama mtu aliyeitwa jina lake. Bi Hamisa akanyoosha kidole, akakigusa kioo, picha ikasogea. Akatoa kidole haraka kama aliyeungua.

"Ndiye."

"Una hakika, mama?"

"Nimekwambia ndiye."

Akajifunika uso na kanga, mabega yakawa yanacheza. Nikamtumia ile picha kwenye simu yake. Alipotulia akanishika mkono.

"Vai mwanangu, hii amana. Usimuoneshe mtu, hata Raudha. Nitamuonesha mwenyewe siku yake."

"Siwezi kumuonesha mtu, mama."

Siwezi. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu, nimetoka kanisani.

Wiki hiyohiyo nikakauka.

Mnajua wenyewe mlivyonisumbua. "Vai umeishiwa?" "Dada tumehamia ukurasa mwingine, huku hakuna kitu." Nikaiomba mashine picha za kila aina. Mwanamke analia. Mwanaume na begi stendi. Mtoto na barua. Zote zikaja nzuri, na zote zikawa bubu. Nilikuwa nazikodolea macho na zenyewe zinanikodolea, hakuna anayemwambia mwenzake kitu.

Basi nikawa narudi nyuma kwenye picha za zamani. Nikamfikia Suhaib.

Akaniangalia.

Sijui nikuelezeje. Yule kijana alikuwa na la kusema. Nilikaa nikaandika bila kunyanyua kichwa, kwa "mimi" kama ninavyoandikaga siku zote, mimi nikiwa ndiye yeye: Mama, sijafa. Walikudanganya. Nimerudi, niko Dar hiihii, kila siku nafika mpaka kona ya nyumba yetu nageuza, kwa sababu naogopa kubisha hodi.

Nikauweka na ule mlango wa uani usio na komeo.

Jina nilibadilisha. Nikajiambia kwamba nikishabadilisha jina, amana nimeitunza. Sura sikubadilisha, maana bila ile sura simulizi ilikuwa haisimami.

Nikaposti, na picha juu.

Wa kwanza kuchangia alikuwa Braza Gregori. Mnamjua Gregori, hakosi, kila simulizi yangu yeye ndiye wa kwanza. Akaandika: "Huyu jamaa mbona kama nimemuona Gongo la Mboto, kijiwe cha bodaboda? Au macho yangu?"

Weee! Komenti zikaanza kumiminika.

"Hata mie, namjua kwa sura."

"Huyu yuko Mwenge kwenye vinyago, anauzia wazungu."

"Alinipakia juzi, mkimya sana."

"Jamani mama yake yuko wapi? Tumsaidie."

Ilikuwa ni sura ya kijana wa Dar tu, mweusi, mwembamba, amechoka kidogo. Kila mmoja wenu anamjua mmoja wa hivyo. Mkashea, na waliosheiwa wakashea. Nilikuwa steshenari, mashine ya kopi inaunguruma, mteja ananiuliza chenji yake na mimi nasoma komenti natabasamu kama mtu aliyeposwa.

Hata mara moja sikumfikiria Bi Hamisa. Simu yake anaitumia kupiga na kupokea tu, na maandishi madogo hayaoni. Nani angemfikishia?

Nilimsahau Zubeda.

Zubeda akisuka watu huwasomea simulizi zangu kwa sauti. Jioni hiyo Bi Hamisa alipita kwake kurudisha chanuo, akakiona kioo cha simu.

Zubeda aliniambia baadaye, "Hakupiga kelele, Vai. Alivuta kigoda, akakaa, akasema nisomee. Nikamsomea yote. Akasema, na hayo ya chini? Nikamsomea na komenti. Ya Gregori akanirudisha niisome tena. Mie nijue nini? Nikaona kaipenda."

Kesho yake asubuhi Bi Hamisa akavaa baibui, akatoka. Mimi nikamsalimia mlangoni, akaitikia, kila mtu akashika njia yake.

Nikiwa kazini simu ikaita. Raudha.

"Dada Vai, njoo huku. Mama yuko kijiwe cha bodaboda, anawavua vijana wa watu helmeti. Anawaonesha kitu kwenye simu, nikimuomba nione ananinyima. Anasema kaka yupo."

"Kaka yupi?"

"Nina kaka wangapi mie, dada Vai?"

Nikamwachia mwenzangu steshenari, nikaenda.

Na ndivyo nilivyofika pale kwa muuza miwa.

Nikavuka. Raudha alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, mtandio umemshuka begani, miwani mkononi, anafuta machozi. Bi Hamisa akaniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Vai. Umekuja kunisaidia?"

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hili sikuwa nimejiandaa nalo.

"Mama, twende nyumbani. Ile picha tuliitengeneza mimi na wewe pale barazani. Siyo mtu huyo. Unakumbuka muuza manukato?"

"Nakumbuka. Mie si mtoto, Vai. Na amana yangu umeila, hilo tutaongea siku nyingine." Akaniangalia usoni. "Picha umeitengeneza wewe, najua. Lakini macho ya watu hukuyatengeneza. Gregori kamuona. Wa Mwenge kamuona. Watu hawajuani hao, kila mtu kwake, na wote wanasema wamemuona."

"Mama..."

"Tena Gongo la Mboto. Kwa dada yake. Mtu akiona aibu kurudi kwa mama yake, si anaanzia kwa dada yake?"

Vijana wa kijiweni wakatuangalia. Fransis alikuwa bado hajavaa helmeti lake.

Sasa ngoja nikuambie kitu ambacho hakuna msomaji wangu hata mmoja anakijua.

Braza Gregori ni mimi.

Ni akaunti yangu ya pili. Simulizi ikikaa bila komenti inakuwa kama mgahawa usio na mtu ndani, wapita njia wanachungulia wanaenda zao. Kwa hiyo kila nikiposti, naingia kwa jina la Gregori, nakaa meza ya mbele, naanza kula. Mkiona kuna mtu, mnaingia. Tunaoandika mitandaoni tunalijua hili, wala hatuambizani.

Na Gongo la Mboto nilipatoa wapi? Jioni ile Raudha alimpigia mama yake simu, nikasikia jina la mahali kupitia dirishani. Likawa mdomoni. Nikaliandika kama unavyotupia chumvi kwenye mboga, bila kuangalia.

Macho ya watu hukuyatengeneza, ananiambia. Na mimi ndiye niliyeyatengeneza, kuanzia la kwanza.

Hayo sikuyasema pale. Nilisema, "Twende kwa Raudha kwanza ukanywe maji, mama." Uoga ule nitakufa nao.

Sebuleni kwa Raudha palikuwa na feni na kapeti. Bi Hamisa alikunywa maji, akajifuta mdomo, akaanza kupanga.

"Hapa hawataki kusema, wanamficha. Kesho naanzia Mwenge kwenye vinyago. Halafu nitapita kijiwe kimojakimoja. Raudha, mwambie mumeo anitafutie mtu wa kunisomea wanavyoendelea kusema."

"Mama, kaka alifariki," Raudha akasema taratibu.

"Nani alimuona?"

Raudha akaanza kufuta miwani yake. Hakuna aliyemuona. Ndilo donda lao hilo, na mimi ndipo nilipoweka kidole.

Nilikaa pale nikapiga hesabu zangu za kibinafsi. Nikinyamaza, chumba ninacho, ukurasa ninao, jina ninalo. Maneno ya watu yatapoa yenyewe. Lakini huyu mama atakuwa Mwenge kesho, anashika watu usoni. Atakwenda Mbezi, atakwenda Kigamboni, popote mtu mmoja asiye na kazi ataandika "nimemuona." Atazeeka anavua watoto wa watu helmeti. Na mlango wa uani atautoa komeo leo usiku.

Na nikisema, nitakuwa namuua Suhaib mara ya pili, mbele ya mama yake.

Nikateremka kwenye kochi, nikapiga magoti kwenye kapeti.

"Mama, Gregori hajamuona mtu."

"Wewe unajuaje?"

"Kwa sababu Gregori ni mimi."

Feni ikawa inazunguka. Nikamweleza yote: akaunti ya pili, kwa nini, na jina la mahali nililolisikia dirishani. Nilikuwa naongea naangalia vidole vya miguu yake.

"Wa Mwenge naye ni wewe?"

"Hapana, mama. Wa Mwenge simjui. Aliona Gregori kasema, naye akasema."

"Na yule aliyepakiwa?"

"Aliona hao wawili."

Raudha akasimama.

"Dada Vai. Sie yule mtu tulimzika bila mwili. Unajua ilituchukua nini? Mama alikuwa hapigi komeo. Mie usiku nilikuwa nikisikia mlango unagonga kwa upepo najua ni kaka. Tumekaa hivyo, tumekuja kupona, we umekuja kututonesha ili watu wakusome?"

"Nisamehe."

"Sijui kama nakusamehe. Hata sijui naanzia wapi."

Bi Hamisa aliitazama simu yake, halafu akaiweka kwenye stuli, picha ikiwa juu, kama mtu anayetua mzigo asioutaka tena.

Raudha akaichukua. Akavaa miwani. Akaangalia.

Nikamuona anakunja uso.

"Hii ndiyo picha yenyewe?"

"Ndiyo," nikamjibu.

"Aliyokuwa anaizungusha kijiweni?"

"Ndiyo."

"Mama." Akamgeukia. "Huyu nani?"

Akamsogezea simu.

"Mama, huyu siyo kaka Suhaib. Hafanani naye hata kidogo. Huyu siyo macho, siyo mdomo, siyo chochote. Huyu nani?"

Bi Hamisa akavuta pindo la baibui, akalikunja, akalikunjua.

"Najua," akasema.

Jamani... nilidhani sijasikia vizuri.

"Vai aliniuliza macho yake yakoje," akasema, sauti imeshuka. "Nikayatafuta. Nikatafuta humu kichwani, nikatafuta, sikuyakuta. Nakumbuka sauti yake. Nakumbuka anavyokohoa akivuka uani. Miguu yake naikumbuka, nilikuwa namtoa miiba. Uso sina. Uso umekwenda, Raudha, sijui umekwenda lini."

"Mama."

"Mie niliyemzaa. Nitamwambia nani kwamba nimemsahau mwanangu sura? Nikaona aibu mbele ya huyu mtoto wa watu. Nikasema ndiye, yaishe. Nilipokwishasema nikaanza kumuamini. Kila nikilala namuangalia. Sasa hata nikifumba macho ananijia huyu."

Nilikuwa bado nimepiga magoti. Nilidhani nimeshafika chini kabisa ya kosa langu, kumbe kulikuwa na chini nyingine. Hata kama nisingeiposti, nilikuwa nimeshamwekea mama wa watu uso wa mtu asiyekuwepo mahali pa uso wa mwanawe. Nilimuona siku ile anayatafuta yale macho kwenye ukili. Nilimuona, mimi ninayejiita mwandishi, nikawahi kubonyeza.

Raudha akaweka simu chini. Akavua miwani. Akavua mtandio, akazirudisha nywele nyuma kwa mikono miwili mpaka uso wote ukawa wazi, akaja akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Niangalie."

"Nakuangalia."

"Hujaniangalia, mama. Tangu aondoke hujawahi kuniangalia. Unakumbuka Mtoni? Nikipita mlangoni mbio unaniita Suhaib. Majirani wanatuita pacha. Shangazi alikuwa akija ananishika kidevu anasema huyu angezaliwa dume hata wenyewe wasingewatofautisha. Mie nimenenepa tu, mama. Niangalie macho."

Bi Hamisa akanyanyua mikono yake miwili, ileile iliyowashika akina Fransis juani. Akamshika binti yake usoni. Akamgeuza upande mmoja. Akamgeuza upande wa pili. Kidole gumba kikapita juu ya nyusi, kikashuka puani, kikasimama kwenye kona ya mdomo.

Hapo akabonyeza kidogo.

"Alikuwa na hiki kishimo hapa," akasema.

"Hapohapo, mama."

"Akicheka kinaingia."

"Kinaingia."

"Kumbe nilikuwa ninaye."

Hakulia kama alivyolia barazani kwa ile picha. Safari hii alilia kwa sauti, kilio cha msiba, na Raudha naye. Nilijua ndicho kile kilichobaki ndani siku ya hitma.

Nikanyanyuka nitoke. Pale hapakuwa mahali pangu.

"Vai."

Nikageuka. Hakuwa ananiangalia, mikono yake ilikuwa bado usoni kwa Raudha.

"Ile uliyoweka huko kwa watu, ifute."

"Nimeshaifuta, mama. Njiani nilipokuwa nakuja."

"Na hii niliyonayo kichwani, unaifutaje?"

Mpaka leo nikiandika sijajua cha kumjibu.

Bado napanga kwake, hakunifukuza. Nikimwamkia anaitikia. Mlango wa uani una komeo, na mtaani wanamwita Mama Raudha. Raudha anakuja karibu kila wiki, na akija hakai na miwani. Lakini nikitokea barazani na simu mkononi, Bi Hamisa anakunja ukili wake taratibu, anaingia ndani.

Leo ndiyo mara ya kwanza mnasoma simulizi yangu haina picha juu. Sisemi picha za mashine ni haramu, pengine nitazitumia tena. Zilinifungua mkono wakati nilikuwa sina cha kuandika. Ila sura ya kutunga iwe ya mtu wa kutunga. Ukiletewa mtu wa kweli, hata awe marehemu, muulizie kwanza kwa walio hai. Huenda sura yake inakaa nyumba ya pili.

Na amana ni amana hata ukiibadilisha jina.

Braza Gregori nimemfuta. Komenti ya kwanza hapo chini, safari hii sijui itatoka kwa nani.

Lakini ile picha sikuiwahi. Kuna kurasa zimeichukua, zimeiondoa simulizi yangu, zimeandika "Kijana huyu anatafutwa na mama yake." Jana nimeiona kwenye kundi moja la Mbagala. Chini yake mtu kaandika amemuona sokoni asubuhi hiyohiyo, akionekana mwenye njaa.

Zubeda atamsomea Mama Raudha haya, najua. Atataka asomewe na ya chini.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu, wewe uliyefika mpaka hapa. Ukikutana na ile sura popote, usiseme umemuona.

Hujamuona. Hakuna aliyewahi kumuona.